Babu, Bima na Breki

Wadogo zangu wa darasa la sita na la saba, anayewaandikia ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na ndevu zangu ukizitafuta kwa kioo utapata mbili tatu za kuanzia maisha. Lakini kazi niliyokuwa nayo imekwisha, mwanafunzi wangu hanihitaji tena, na mtu akifika hapo anaitwa mstaafu, hata kama bado anachapwa kwa kuchelewa mstarini.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha wazee kuendesha pikipiki. Nikisema wazee najisifu kidogo. Alikuwa mzee mmoja. Ila alikuwa mbishi wa kutosha wazee wanne.

Nawaandikia kwa sababu nawaona. Nawaona mnavyokaa juu ya gogo pale nje ya duka la ushirika, mmekunja ngumi, mnanguruma kwa midomo, mate yanaruka. Mnadhani ukishajua gia na klachi umemaliza kila kitu. Nani kawadanganya? Kuna mnyama anaitwa bima, na huyo hamtishi kwa kunguruma.

Mnaikumbuka ile pikipiki nyekundu ilipoletwa. Wilaya iliitoa kwa ajili ya zahanati yetu, kwa sababu dawa zilikuwa zinakuja zikipenda. Lori la ushirika likiharibika Mtwara, sindano zinalala Mtwara na homa inalala hapa. Dada yangu Zainabu alijifungua tukiwa tunalisubiri hilo lori, na mtoto hakuishi. Sasa alikuwa mjamzito tena. Hakusema neno lolote kuhusu pikipiki. Ila kila jioni alikuwa anakwenda godauni, anainama na tumbo lake, anaifuta vumbi kwa pindo la khanga. Mlinzi alikuwa anamfungulia mlango bila kumuuliza.

Basi siku moja akaja mkadiriaji wa bima kutoka mjini, mtu mrefu mkimya, suruali imenyooka kama rula. Sisi watoto tulimwita Bwana Bima. Mkutano ukawekwa godauni, tumekaa juu ya magunia ya korosho.

"Nani ataendesha?" akauliza.

Baba mdogo Selemani akasimama, kifua mbele. Huyu ni mtoto wa mwisho wa babu yangu, ana miaka ishirini, na leseni yake ilikuwa bado inanuka wino. Alishaipiga picha ile kazi kichwani: yeye, pikipiki, miwani ya jua, na wasichana wa Msimbati wametoka milangoni.

Bwana Bima akaitazama leseni, akaigeuza, akataja bei.

Mwenyekiti wa kijiji alimwomba airudie, akidhani sikio limemchezea. Akairudia. Haikupungua.

"Samahani ndugu," akasema mwenyekiti, "hiyo ni bei ya bima au ya pikipiki ya pili?"

"Ya bima. Mwendeshaji ni kijana, na leseni yake haina hata mwaka. Wa namna hiyo ndio wanaoanguka."

"Mimi sijaanguka!" akasema baba mdogo.

"Ndiyo," akasema Bwana Bima. "Bado."

Watu wakaguna. Baba mdogo akapanda mori. "Ndugu wananchi, huu ni unyonyaji! Tumeambiwa binadamu wote ni sawa. Mbona bei haiko sawa?" Makofi yakalia mpaka popo wa godauni wakahama. Bwana Bima akangoja makofi yaishe, kama mtu anayengoja mvua.

"Binadamu wote ni sawa, ndugu. Magoti yao ndiyo hayako sawa. Nimeyaona hospitali."

Bibi yangu akauliza kutoka nyuma, "Na jembe langu nalo linatakiwa bima?"

"Halitakiwi, mama."

"Basi mngetuletea majembe."

Tukacheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu Bwana Bima alikuwa anafunga mkoba. Akasema pikipiki haiwashwi barabarani bila bima. Atarudi Ijumaa inayofuata baada ya sala. Ikiwa hatujapata mwendeshaji ambaye bei yake tunaimudu, pikipiki itakwenda Kitaya, ambako wana mtu mzima mwenye leseni ya zamani. Kwa mtu wa namna hiyo bei ni ya kawaida kabisa, akasema, na akaitaja hiyo ya kawaida. Mwenyekiti akafumba macho kwa raha. Hiyo tulikuwa tunaiweza.

Ndipo mtu akakumbuka leseni ya babu.

Babu yangu, Mzee Nangomwa, aliwahi kuendesha lori la mkonge upande wa Mikindani, enzi za wazungu. Leseni yake ilikuwa ndani ya kopo la kahawa, imekunjwa mpaka inafanana na sambusa. Lakini ilikuwa hai, maana kila ilipotakiwa kulipiwa alikwenda kuilipia, kwa ajili ya fahari tu. Na ilikuwa na mihuri ya kila kitu: lori, trekta, pikipiki. Afisa wa siku zile aligonga mihuri yote kwa mpigo mmoja ili awahi kula. Pikipiki yenyewe babu hajawahi kuipanda hata ikiwa imezimwa.

Wakubwa wakainamiana. Nilikuwa nimekaa gunia la jirani, nikasikia vizuri. "Mzee ataendesha kwenye karatasi," akanong'ona mwenyekiti, "kijana ataendesha barabarani." Wakakubaliana. Wakamwita Bwana Bima, wakamwonyesha ile sambusa.

Aliisoma kwa muda. Akamtazama babu, ndevu nyeupe, kanzu, bakora.

"Vizuri," akasema. "Ijumaa nitamwona akiendesha. Kutoka hapa hadi dukani na kurudi. Na mimi nitakuwa nimepanda nyuma yake."



*

Mwalimu wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa baba mdogo, na alishindwa siku hiyo hiyo. Si kwamba hajui. Anajua kuliko mimi, yeye ndiye aliyenifundisha. Ila babu ni baba yake mzazi, na kwetu mtu hamkaripii baba yake. Pikipiki ilikuwa inaelekea kwenye mkorosho, na baba mdogo anakimbia pembeni, mikono imefumbatana kwa adabu:

"Baba, samahani, kama hutajali, naona labda ungegeuza kidogo kwa upande wa—"

Alipofika kwenye neno kulia, babu alishafika kwenye mkorosho.

Babu akainuka, akajikung'uta. "Huyu anaongea kama anaomba mke. Nileteeni mtu wa kunitukana."

Wote wakanigeukia mimi. Mjukuu na babu ni watani, hilo mnalijua. Mimi bibi namwita mke wangu tangu nimejua kusema, na babu huniita mwizi wa wake za watu. Ninaweza kumwambia kichwa chake kama nazi iliyokataliwa na panya, na hakuna atakayeniitia kikao. Hiyo ndiyo sifa niliyopatia kazi. Cheti sina.

"Geuza pembe, we mzee! Mkorosho huo, au unataka kuuoa?"

"Subiri nishuke, mshenzi wewe!" Na akageuza. Akageuza vizuri sana.

Ufukweni Msimbati ndiko kulikuwa darasani kwetu. Barabarani hatukuruhusiwa kuiwasha, haina bima. Kwa hiyo tuliisukuma kwa mikono kupitia mashamba ya mihogo mpaka pwani, maji yakiwa yametoka. Mchanga uliolowa ni mgumu kama sakafu ya saruji, ukikanyaga unyayo hauzami. Pale unaweza kwenda mpaka petroli ikuombe radhi. Ila mjue ratiba ya maji. Siku moja tulinogewa, maji yakarudi yakatukuta, pikipiki ikanywa chumvi ikanyamaza. Plagi tuliikausha kwenye kikaango cha bibi, juu ya makaa, na bibi akaapa hatanikaangia samaki tena maishani. Mke wangu huyo. Jioni akanikaangia.

Sasa sikilizeni, haya yatawafaa. Klachi usiiachie kama kamba ya mbuzi. Iachie kama unavyonasua kanzu kwenye mwiba, kidogo, kidogo, huku unasikiliza. Macho yasitazame gurudumu. Gurudumu linajua kazi yake. Tazama unakotaka kwenda. Ukikodolea macho kisiki, utakigonga hata kama njia ni pana kama bahari. Na kwenye mchanga, nilimwambia babu, breki usiiguse. Ukishika breki kwenye mchanga, gurudumu la mbele linageuka, unaruka juu ya pembe za usukani, unakwenda kula kaa wakiwa hai.

"Ukigusa breki umekufa, babu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Nikigusa breki nimekufa. Mpumbavu wewe."

"Na ukitaka kusimama?"

Hapo ndipo ulipokuwa utaalamu wangu. Ukitaka kusimama, unaachia moto, ule mshiko wa mafuta, unaelekeza pikipiki juu, kwenye mchanga mkavu. Magurudumu yanazama, pikipiki inasimama yenyewe, taratibu, kama punda aliyechoka. Babu aliipenda hiyo. Lori lake la mkonge, alisema, nalo lilikuwa halina breki, walikuwa wanalisimamisha kwa kulielekeza kwenye kichuguu. Kufika Jumatano alikuwa anapeperusha ndevu pwani nzima, anapunga mkono, anaelekeza juu, anasimama. Alhamisi nilipanda nyuma yake. Alinibeba kama yai. Watoto wa Msimbati walikuwa wanatukimbilia nyuma wakipiga vigelegele.

Nililala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza, kama mbele ya godauni kuna mchanga mkavu.

*

Ijumaa. Watu walitoka msikitini wakaja moja kwa moja, hata viatu wengine walivalia njiani. Landrova ya wilaya ilikuwa imeegeshwa kivulini, na Bwana Bima amesimama kwenye kibaraza cha godauni na mkoba wake. Pembeni yake alisimama mtu tusiyemjua, mnene, dumu la petroli mkononi. Kichwani alikuwa amevaa kofia ngumu ya kuendeshea pikipiki, kamba imefungwa chini ya kidevu, jasho linamtiririka.

Alikuwa mjumbe wa Kitaya. Alikuja kuichukua.

"Ndugu yangu," bibi akamwambia, "hiyo kofia ungeivua ukapunga hewa. Bado hatujafa."

"Nitaivua nikifika nyumbani, mama. Upepo wa barabarani utanitosha."

"Hata salamu hamjatoa, mmeshachumbia!"

"Tumeleta na mahari," akasema yule mtu, akatikisa dumu. Watu wakacheka, hata wa kwetu. Lakini nilimwona dada Zainabu kwenye kona ya godauni. Hakucheka. Alikuwa ameshika nguzo.

Bwana Bima akamwaga majivu kwa mstari mweupe, mbele ya mlango wa godauni. Nyuma ya mstari ule kuna hatua chache, halafu kuna ukuta. "Utakwenda dukani, utazunguka, utarudi, utasimama hapa," akamwambia babu. "Gurudumu la mbele kabla ya majivu."

Niliutazama ule mstari. Nikatazama chini. Udongo mwekundu, umeshindiliwa na malori ya korosho msimu baada ya msimu, mgumu, unateleza kama sahani. Hakuna mchanga mkavu wa kupandia.

Nikamvuta baba mdogo shati. "Sijamfundisha breki."

"Nini?"

"Babu. Hajui breki. Nilimwambia akigusa atakufa."

Baba mdogo akawa na rangi ya muhogo uliomenywa. Tulikimbia, lakini babu alishaipiga teke, moto umeshika, na Bwana Bima alikuwa ameketi nyuma, mkoba kifuani, magoti yamefika mabegani. "Babu!" nikapiga kelele. Yeye akanipungia mkono, kama alivyokuwa akiwapungia wale watoto wa Msimbati. Wakaondoka.

Waliondoka vizuri, hilo nilisema na bado nalisema. Klachi kama kanzu kwenye mwiba. Kijiji kizima kikashangilia. Wakawa wadogo, wakafika dukani, wakazunguka pale penye mnazi, wakaanza kurudi. Mvumo ukakua. Mjumbe wa Kitaya, ambaye alikuwa anatabasamu, akaacha kutabasamu, kwa sababu babu aliendesha vizuri kuliko alivyotarajia.

Halafu wakawa wakubwa. Halafu wakawa wakubwa mno.

"Mbona hapunguzi?" akauliza mwenyekiti.

Nilimwona babu akiachia moto. Nilimwona akitafuta, kichwa kinageuka kulia, kinageuka kushoto, anatafuta mchanga wake. Watu wakaanza kukimbia kibarazani. Mjumbe wa Kitaya akakumbatia dumu lake. Na babu akauona: kule pembeni, chini ya mikorosho, walipofyagia ili korosho zikidondoka zionekane, mchanga laini, mkavu, mweupe. Akaelekeza kule. Alipita baina ya mikorosho miwili, akapita katikati ya mkeka wa mwenyekiti uliokuwa umeanikiwa unga wa mihogo, magurudumu yakazama, pikipiki ikasimama yenyewe. Taratibu. Kama punda aliyechoka.

Hakuanguka mtu. Bwana Bima alishuka akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Akafuta miwani. Akapiga chafya. Kijiji chote kilikuwa kimesimama, na chafya ile ilisikika mpaka baharini.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukukanyaga breki?"

"Nikigusa breki nimekufa," akajibu babu, kwa uhakika wa mtu aliyesoma.

"Nani kakwambia?"

Babu akanionyesha kwa ndevu. Macho yote yakaja kwangu. Nilitafuta mtu wa kujificha nyuma yake, nikakuta wote wamerudi nyuma.

"Ilikuwa ya mchangani," nikasema. "Hatukuwa na barabara. Barabarani hatuna bima."

Mjumbe wa Kitaya alikuwa ameshafungua tenki la pikipiki, anachungulia mafuta. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na haraka tu. "Poleni, ndugu zetu," akasema. "Itakuwa inakuja kuwasalimia." Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi kwa nguvu. Sikugeuka, nilijua ni dada Zainabu.

Bwana Bima akatazama nyayo za gurudumu kwenye mchanga. Akatembea juu yake kutoka barabarani hadi pikipiki ilipo, polepole, kama anapima shamba. Akarudi.

"Amepita kati ya miti miwili na hakugusa hata mmoja," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha kwa sauti: "Atarudia. Mara moja tu. Na nyuma hatapanda mtu wa bima." Akaninyooshea kidole. "Atapanda mwalimu."

*

Wadogo zangu, kukaa nyuma ya mwanafunzi wako mwenyewe ni mtihani ambao hautungiwi popote. Kila ulichosahau kumfundisha kinakukalia kifuani. Tukaondoka. Nilimkumbatia babu kiuno, kanzu inanipiga usoni.

"Babu, nisikilize. Mguu wa kulia. Chini ya mguu wa kulia kuna kikanyagio."

"Nakijua. Ndicho cha kufa."

"Si cha kufa! Hicho ni breki ya nyuma. Utakikanyaga tukikaribia, polepole."

"Uliniambia nisiguse breki."

"Ile ya kwenye mkono! Na mchangani!"

"Ulisema zote, popote."

"Nilikosea!"

Tukazunguka dukani. Babu akainyoosha pikipiki. Halafu akasema, bila kugeuka, na upepo unaniletea mate yake: "Sasa nimwamini yupi? Wewe wa Jumatano, au wewe unayetetemeka hapo nyuma?"

Godauni ikaonekana. Mstari wa majivu, mwembamba kama uzi. Nyuma yake ukuta, na mbele ya ukuta watu wamefungua njia, wametulia, hakuna anayeshangilia. Nilimwona baba mdogo ameweka mikono kichwani. Nilimwona dada Zainabu ameacha nguzo, amekuja mbele, amesimama pembeni kabisa ya majivu, mkono juu ya tumbo. Hakuna aliyemwondoa.

"Wewe unayetetemeka!" nikapiga kelele. "Mwamini huyo!"

"Mbona tunakwenda kasi?"

"Achia moto, we mzee kichwa cha nazi! Achia! Gia chini! Sasa mguu! Mguu!"

"Upi?"

"Wa kulia! Ule unaompiga nao paka wa bibi!"

Huo aliufahamu. Nilisikia pikipiki ikishika ardhi, gurudumu la nyuma likalia, likayumba, meno yangu yakagonga mgongo wake. Ukuta ukaja, ukaja, ukapunguza mwendo. Ukasimama. Babu akateremsha miguu yote miwili chini, vumbi likatupita, likaenda kumtua mjumbe wa Kitaya kwenye kofia.

Hakuna aliyesogea. Bwana Bima akaja, akachuchumaa. Sote tukachuchumaa naye kwa shingo. Gurudumu la mbele lilikuwa limelala juu ya majivu. Si mbele ya mstari, si nyuma yake. Juu yake.

"Amepita," akasema mjumbe wa Kitaya.

"Hajapita," akasema mwenyekiti. "Amegusa."

"Kugusa ni kupita!"

"Kwenye kitabu gani?"

Bwana Bima akainuka, magoti yakalia. Akawanyamazisha kwa mkono. "Mzee Nangomwa, ulipouona mstari ule, ulikuwa unafikiria nini?"

Babu alikuwa bado anahema. "Nilifikiria huyu mpumbavu hapa nyuma ni mtoto wa watu. Mama yake yule pale. Nikimwaga, nitakwenda kukaa matanga kwake kwa uso gani?"

Bwana Bima akaitikia kwa kichwa taratibu. Akamgeukia baba mdogo Selemani.

"Na wewe, kijana? Ungekuwa wewe?"

Baba mdogo akafungua kinywa. Nilijua atasema uwongo, na alijua kwamba najua. Akamtazama baba yake aliyekuwa bado juu ya pikipiki. Akamtazama na dada Zainabu.

"Ningefikiria watu wanaonitazama," akasema.

Hakucheka mtu. Bwana Bima akafungua mkoba.

"Ndiyo bei yenyewe hiyo," akasema. "Nilikuwa sijui niwaelezeje." Akaandika akiwa ameegemea ukuta. "Nimemkatia mzee. Na mnisikie vizuri, maana mlichokuwa mnanong'onezana wiki iliyopita nilikisikia. Anayeandikwa ndiye anayeendesha. Nikikuta kijana mbele na mzee yuko nyumbani anasuka ukili wa mkeka, hii karatasi fungieni karanga. Akigongwa mtu, hakuna atakayelipwa, na kijiji kitauza mpaka mabati ya shule. Leseni yako, kijana, itunze. Kaa nayo bila kuanguka, inazeeka yenyewe, na bei inashuka."

"Na mpaka izeeke," akauliza baba mdogo, sauti imeshuka, "kazi ni ya nani?"

Mwenyekiti akatazama chini. Mpango wetu wote ulikuwa ni babu wa karatasi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kuwa babu wa barabarani, huko kwenye jua na mashimo, mpaka Mtwara na kurudi.

"Ya nani tena?" akasema babu. Akapiga teke, moto ukashika mara ya kwanza. "Mmenitoa kwenye kopo la kahawa wenyewe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo mlivisikia, nyie mliokuwepo. Dada Zainabu hakupiga. Alikaa chini, pale pale juu ya majivu, akayafuta yote kwa khanga yake nyeupe. Mjumbe wa Kitaya alivua ile kofia, kipara kinafuka mvuke, akafikiri kidogo, akamimina petroli yake kwenye tenki letu. Alisema si zawadi. Alisema kuanzia leo dawa za Kitaya zitapita njia hiyo hiyo, na mwenye mafuta ana sauti. Mwenyekiti akakubali haraka, kabla hajarudisha kifuniko.

Jumamosi alfajiri nilikwenda godauni, nimevaa viatu, nimejiandaa kupanda nyuma. Nilidhani mwalimu anafuatana na mwanafunzi. Babu akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Unakwenda wapi?"

"Mtwara. Nikukumbushe breki."

"Nenda kasome, mwizi wa wake za watu. Breki ninayo." Akamgeukia mwanawe. "Selemani. Panda."

Baba mdogo akasimama pale na sanduku tupu la dawa. Hakuna wasichana wa Msimbati waliotoka milangoni, ni mimi tu na mlinzi. Nilidhani atakataa. Akaliweka sanduku magotini, akapanda nyuma, akamshika baba yake kiuno, kwa adabu, kwa ncha za vidole.

"Shika vizuri," akasema babu. "Mimi si ukuni."

Akashika vizuri. Nikabaki naangalia mpaka kwenye kona ya kwanza, pale penye shimo kubwa. Babu alipunguza mwendo. Na nyuma yake, niliuona kwa macho yangu, mguu wa kulia wa baba mdogo ulikuwa unakanyaga hewa, polepole, sambamba na wa babu, kama mtu anayejifunza.